Poda Iliyorudishwa Dukani

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinishika mkono akanipeleka dukani kununua vipodozi vya harusi yake. Nilimwambia kwamba zamani bibi harusi aliletewa vitu nyumbani, hakwenda kuvifuata mwenyewe. Akacheka, akasema, "Nyanya, siku hizi mwenye uso ndiye aendaye." Haya, twende. Duka lenyewe lina baridi kama ndani ya mtungi, na vioo kila upande, hata mtu mzima anaona haya kujiona mara nyingi hivyo. Ukutani zilipangwa chupa ndogondogo za poda ya maji, hiyo wanayoiita faundesheni, kuanzia nyeupe ya unga wa mchele mpaka nyeusi ya kahawa iliyokaangwa ikakolea. Sikuwahi kuona jambo kama lile. Rangi za watu wote wa Mombasa zilikuwa pale, zimefungwa vifuniko.

Binti wa duka alimketisha mjukuu wangu, akampaka mistari kadhaa kwenye taya, kisha akamtoa mpaka mlangoni penye mwanga wa jua. Akatazama, akafuta mmoja, akafuta mwingine, akaacha mmoja tu. Huo uliobaki nikautafuta nisiuone. "Umeona, bibi?" akaniambia. "Hii ndiyo yake. Imepotea." Nami palepale, mbele ya vioo vyote vile, nikaanza kulia. Mjukuu wangu akadhani naona uchungu wa kuachwa, akanikumbatia. Binti wa duka akaniletea maji. Sikuwaeleza kitu, maana harusi haitaki habari za msiba. Lakini wewe, mwenzangu, umeketi na huna haraka. Wewe nitakueleza.

Sisi tulikaa Mji wa Kale, katika kichochoro chembamba ambamo watu wawili wanene wakikutana ilibidi mmoja arudi nyuma. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Alfajiri tuliamshwa na adhana, kisha na hamali waliosukuma mikokoteni kwenda Marikiti wakipiga kelele za simile, simile, ili wapishwe, na baadaye na muuza kahawa aliyegonganisha vikombe vyake. Nyumba yetu ilikuwa na harufu za saa zake. Asubuhi ilinukia mahamri na mbaazi za nazi. Adhuhuri ilinukia samaki wa kupaka, na alasiri, nyanya yetu aliyeishi nasi alipotia udi kwenye chetezo, hata paka wa jirani aliingia kwa adabu. Mimi kazi yangu ilikuwa kukuna nazi, na kwa kuwa nilizila zaidi ya nilivyozikuna, nilichapwa mara kwa mara na sikuona ubaya.

Tulikuwa watoto wawili, dada yangu na mimi. Mama alikuwa mweupe, wa kizazi cha watu weupe, na watu walimsifia weupe wake tangu utotoni hata akauamini. Sisi tulimchukua baba, aliyefanya kazi bandarini, naye alikuwa maji ya kunde yaliyokolea. Dada alinipita kwa miaka minane, lakini rangi yetu ilikuwa moja. Ukiweka mkono wake juu ya wangu hukuona mwisho wa huu na mwanzo wa ule. Majirani wakisema tumechotwa chungu kimoja. Mimi nilijivuna sana kwa hilo, kwa sababu dada alikuwa mzuri, na nilihesabu kwamba kama rangi ni moja basi na uzuri nao utanifikia tu. Bado naungoja.

Dada alipofika umri wa kuolewa ilikuja posa ya kwanza. Wakaja wanawake wa upande wa mume mchana mmoja bila ya taarifa, wakamkuta dada uani anafua. Wakanywa sharubati, wakasifu nyumba, wakaenda zao, na posa ikafa kimya. Baada ya siku chache mama alisikia kwa watu walichosema: binti ni mweusi. Mama alijifungia chumbani siku ile. Nakwambia hivi usije ukamchukia. Alikuwa mama mwenye hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu.

Posa ya pili ilitoka Tudor, kwa kijana mmoja mpole, karani wa ofisi. Safari hii mama hakutaka kubahatisha. Wageni wakaalikwa baada ya Magharibi, wakaketishwa chumba cha ndani kisicho na dirisha, taa ikashushwa utambi, na dada akaletwa uso wake umepakwa poda ya mama. Mama wa kijana akamshika kidevu, akasema, "Mashallah, mweupe, mzuri." Huenda ilikuwa ni taa. Huenda ilikuwa ni adabu tu, maana kwetu binti wa watu akiletwa mbele yako humsemi ila kwa sifa, na sifa iliyo karibu na mdomo ilikuwa ile. Lakini mama alilishika neno lile asiliachie tena.

Posa ikakubaliwa, na dada akawekwa ndani kama ilivyokuwa ada. Hakutoka nje, hakuliona jua, na kila siku alisuguliwa singo: liwa, dalia, asmini na maua ya waridi yaliyopondwa kwa marashi. Mimi ndiye niliyesugua kipande cha mti wa liwa kwenye jiwe mpaka kiganja kikaota malengelenge. Harufu yake ilinikaa vidoleni, nikila wali naisikia. Aliyesimamia yote ni somo wake, jirani yetu mjane aliyemfunda mambo ya ndoa, na ambaye ndiye angempamba siku ya kutolewa. Siku hiyo, kama hujapata kuiona, bibi harusi huketishwa mbele ya wanawake wa pande zote mbili, macho ameyafumba, na kila mtu akamtazama atakavyo. Ndiyo siku ambayo wakwe humwona kwa mara ya kwanza kwa uwazi.

Dada aliiogopa siku hiyo kuliko kitu chochote. Alasiri moja, mama na nyanya walipokuwa wamelala, aliniita nikapanda kitandani kwake. Alikuwa ananukia waridi na uso umemkonda.

"Kesho somo yuwaenda kununua poda ya harusi," akaniambia. "Mie siwezi kutoka, kwa hivyo utakwenda weye ujaribiwe. Rangi yetu ni moja."

Nikafurahi kwenda dukani. Yeye hakufurahi.

"Sikiza. Usikubali wakupake nyeupe. Taka ile ikipakwa haionekani. Siku ile nataka wanione mimi. Wakinipenda wanipende mimi, na wakinikataa wanikatae mimi, nijue moja."

Basi kesho yake mimi nikawa shavu la dada yangu. Nilivalishwa kanzu ya Idi nikaandamana na somo mpaka Biashara Street, kwenye duka dogo la Mhindi lililouza mafuta ya nywele, wanja, shanga na manukato. Mwenye duka alituachia mkewe, mama mmoja mwenye miwani na kipini cha puani, na mama yule aliifanya kazi ile kwa taratibu kama anayepima dhahabu. Somo alininyoosha mkono. Mama yule akaurudisha. "Mkono hupigwa na jua," alisema, "nao si uso." Akanishika kidevu akanigeuza, akanipaka penye taya, pale uso unapokutana na shingo, kwa sababu poda mbaya, alisema, hujulikana hapo. Ya kwanza ilinifanya kama niliyemwagiwa unga. Ya pili ilikuwa nyekundu. Ya tatu ilikuwa ya duara ndani ya kikopo, ya kulowesha kwa sifongo, na mama yule alitaka tungoje ikauke, kwani poda ya namna hiyo mbichi ni nyingine na kavu ni nyingine. Tulingoja. Somo akanunua wanja. Kisha mama yule akanitoa kizingitini kwenye jua, akainama akanitazama taya, akamwita somo aje atazame. Wote wawili wakanikodolea macho. Nilidhani nina kipele.

"Haipo," alisema somo, na akatabasamu. Poda ilikuwapo, ila ilikuwa ni ngozi yangu tu iliyotulia, laini, kama niliyeamka vizuri. Niliangalia kwenye kioo cha mkononi nikamwona dada. Sijapata kujiona mzuri namna ile tena, na sasa sitaraji.

Tulirudi mbio. Dada alikifungua kile kikopo, akajipaka kidogo, akalia kwa furaha, akanibusu kichwani. Kisha mama akaingia.

Mama alikichukua kile kikopo akakiweka karibu na taa. "Hii poda ama udongo?"

"Ndiyo rangi ya mwanao, shoga," alisema somo. "Tumemjaribia mdogo wake juani."

"Rangi ya mwanangu naijua, nilimzaa mie. Lakini wale walimwona mweupe. Wakija wakimkuta hivi watasema tumewahadaa."

"Njia ya mwongo ni fupi."

"Na ya mwanamke aliyerudishwa ni ndefu," alisema mama. Dada alikuwa anatazama mkeka. Angeweza kusema neno, lakini kwetu binti aliyewekwa ndani hakuwa na neno mbele ya mamake. Mama akavaa buibui, akaenda mwenyewe akairudisha ile poda, akaja na nyingine ya chupa, nyeupe yenye uwaridi, iliyotengenezewa wanawake wa Ulaya. Mke wa mwenye duka alimuuliza ni ya nani. Mama alisema ni yake.

Siku ya kutolewa nyumba ilijaa mpaka ngazini. Palikuwa na halwa, kaimati, na kelele za wanawake waliovua mabuibui yao na kutoa dhahabu zao kifuani. Somo alimpamba dada katika chumba kile cha ndani, kwa taa. Alifanya kila awezalo. Aliipaka kidogo kidogo kwa kugongesha, akaitandaza kutoka katikati ya uso kwenda kando, akaishusha shingoni mpaka kifuani ili pasiwe na mpaka. Kwa taa ile ilikubalika. Lakini dada hakutolewa chumbani mle. Aliketishwa uani, chini ya mbingu, alasiri, jua lingalipo. Na hapo, mwenzangu, poda ile ikageuka kijivu. Uso wake ulikuwa kama jivu la jana, na masikio yalikuwa yake, na mikono yake mizuri yenye hina na michoro ya piko ilikuwa imelazwa magotini, myeusi, kama ya mtu mwingine aliyejificha nyuma yake.

Wanawake walitazamana kidogo tu. Kisha vigelegele vikapigwa, na sifa zikaja, kwani ada haikosi. Mama wa mume alimtazama muda mrefu, akamtazama mikono, akaguna kidogo, akamtia mkufu shingoni. Dada alikuwa amefumba macho kama ipasavyo, lakini kope zilikuwa zikimtetemeka. Nilikuwa karibu, nikamsikia mama akimnong'oneza, "Usilie mwanangu, itafanya michirizi." Akajizuia. Nilimwangalia dada yangu nisimpate, nikaenda kukaa jikoni na nyanya. Nyanya alinipa kaimati, naye mwenyewe hakula. Alisema tu, "Rangi ni ya Mungu," na akafuta macho kwa ncha ya leso.

Dada akahamia Tudor, nyumbani kwa mumewe na mama mkwe. Mimi niliruhusiwa kwenda kulala huko kila Alhamisi. Ilikuwa nyumba ya watu wema, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mama mkwe alinipikia mkate wa mofa, alinisuka, aliniita mwanangu. Lakini dada nilimkuta na kazi ambayo hakuna aliyempa. Unajua mtu anayesali hutawadha, na anayetawadha huosha uso. Basi dada aliiosha poda ile kwa kila sala, akasali chumbani mlango umekomewa, kisha akakaa mbele ya kioo akaipaka upya kabla ya kutoka. Alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi; ni baada ya isha tu alipolala bila yake. Mumewe alikuwa akimwona, bila shaka, lakini alikuwa mtu wa kimya, alidhani hayo ni mambo ya wanawake. Chupa ikiisha, mama alimpelekea nyingine.

Nilimuuliza kwa nini haachi. Alikuwa anajigongagonga shavu kwa sifongo, hakugeuka. "Nitaanzaje? Nikitoka leo bila yake, wataniuliza yule wa jana alikuwa nani."

Siku moja tulikuwa tumeketi varandani tukichambua mchele, sisi watatu. Mama mkwe akanishika kidevu akasema, "Mtoto huyu rangi yake yanipendeza. Yang'aa." Dada aliinua uso. Nilidhani atasema kitu. Midomo ilimcheza, halafu akatabasamu, akasema watoto husifiwa tu, akainuka na ungo wake akaingia ndani. Mama mkwe alimfuata kwa macho. Yeye pia nilimwona kama anayetaka kusema, naye pia akarudi kuchambua mchele. Mkwe na mkwe wana heshima zao, na heshima ile ilikaa baina yao kama ukuta usio na mlango.

Mwaka wa tatu dada alishikwa na uchungu wa kuzaa. Mkunga aliitwa, daktari aliitwa, na yote hayakufaa. Damu haikukatika. Asubuhi alikuja mtu kutuita, na kabla hajasema mama alikwishaanza kupiga mayowe. Dada alitutoka, yeye na mwanawe. Alikuwa na miaka ishirini.

Mimi sikuruhusiwa kuingia alipooshwa. Nilikaa nje na watoto wengine, nikasikia maji yakimwagika. Yaliyopita mle ndani mama aliniambia mara moja tu, alipokuwa mzee sana, na aliyasema akitazama ukuta. Waliomwosha ni mama na somo, na mama mkwe ndiye aliyewamiminia maji. Wakamwosha uso kwa majani ya mkunazi. Poda ya jana ikatoka, na chini yake akabaki dada, kama alivyokuwa uani anafua nguo, laini, wa rangi moja toka paji la uso mpaka nyayo. Mama mkwe akasimamisha kopo.

"Huyu ndiye?" aliuliza. "Huyu ndiye niliyekaa naye?"

Somo akamfuta dada maji machoni, na mama mkwe akaendelea.

"Mbona mlinificha, jamani? Mikono yake niliiona tangu siku ya kutolewa. Nikadhani mwenyewe yuwaichukia rangi yake, nikaona haya kumwambia aache, asije akaona namsuta. Miaka yote hii nimengoja anifungulie uso."

Akaweka kopo chini, akamshika dada mashavu kwa mikono miwili, akamtazama. Mama aliniambia alimtazama sana, mpaka somo akamkumbusha kwamba maiti haicheleweshwi. Wenyewe husema aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Dada yangu hakuwa na aibu yoyote ya kufichwa. Alikuwa na uso mzuri tu, na mkwewe aliuona siku moja.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo na hakupaka kitu usoni tena, hata wanja. Hakuna aliyemlaumu, na nafikiri angependa alaumiwe. Sasa wote wamekwenda, yeye na nyanya na somo na yule mama wa Tudor. Nyumba yetu iliuzwa, walioinunua wameitia milango ya vioo na wanalaza wageni. Duka la Biashara Street linauza simu. Vitu hivyo sivililii sana, mji nao una haki ya kuzeeka unavyotaka.

Ninachokililia ni kwamba tuna picha moja tu ya dada, iliyopigwa studio siku ile ya harusi. Ninayo ukutani. Watoto wangu wameikuta hapo na wajukuu wameikuta hapo, na wote wanamjua kwayo: mwanamke mweupe kama karatasi, macho yameinama, amevaa mkufu. Wakija wageni huwaambia, huyu ni dadake nyanya, alikufa kijana. Nami naitikia. Nimezeeka, ngozi imekunjana na imebadilika, hata mimi simfanani tena. Aliyemwona dada yangu uso wake mwenyewe, akinibusu kichwani kwa furaha ya kikopo kidogo cha poda, nimebaki mimi peke yangu, na siku hizi nikifumba macho kumtafuta, anayekuja kwanza ni yule wa pichani.